Vijia vya Damu Ndani ya Jicho

Barabara iendayo Namanga ikifungwa hapa Isinya, magari huteremka mbugani kutafuta vijia. Damu nayo hufanya vivyo hivyo unapozibika mshipa uirudishao kutoka retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho upokeao nuru.

Kabla ya 1851, Mjerumani Hermann von Helmholtz alipochapisha habari za kioo chake, madaktari hawakuwa na chombo cha kufaa cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka 1878 Julius von Michel akaueleza ugonjwa huo wa kuziba. Lakini kwa kioo peke yake vijia vyote ni vyekundu. Kipi ni rafiki na kipi adui?

Waliofungua njia walikuwa wanafunzi wa udaktari (nanyi wanafunzi lisikieni hili!), Harold Novotny na David Alvis wa Indiana, Marekani. Alvis alidungwa sindano ya rangi, na picha zikapigwa rangi ikipita jichoni. Jarida la madaktari wa macho liliikataa makala yao; jarida la maradhi ya moyo likaichapa, 1961.

Rangi hiyo ilivifichua vijia. Vinavyounganisha mshipa na mshipa, vikisha kukomaa, kwa kawaida havivuji, navyo huitoa damu iliyokwama. Vingine huota upya kwa sababu retina imekosa oksijeni. Hivyo huvuja, tena hupasuka, na kwa ajili yake daktari huiunguza kwa leza sehemu ya retina iliyokosa damu. Daktari asiyevitofautisha aweza kuiharibu njia pekee iliyobaki.