Hesabu ya Urefu wa Kibo

Walimu wenzangu, mtoto mmoja wa darasani kwangu aliniletea vitabu viwili, kimoja cha kale na kimoja cha siku hizi, akaniuliza, "Mwalimu, mlima umekua?" Vitabu vile havikupatana juu ya urefu wa Kibo. Nikatafuta habari zake, nami naziweka hapa kwa faida ya wale watakaoulizwa kama mimi.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer alihesabu urefu wake kuwa mita 6010. Baadaye vipimo vikasahihishwa, na vitabu vya Kiingereza vya mwanzo wa karne ya 20 vikaandika futi 19,321, yaani mita 5889.

Itazameni hiyo 19,321. Mtu akipanda mibuni mistari 139, na katika kila mstari mibuni 139, jumla yake ni 19,321 kamili, haipungui wala haizidi. Ndiyo hesabu ya mraba. Apendaye mafumbo aweza kudhani ya kuwa uzuri huo ni ushuhuda wa kipimo cha kweli. Lakini mlima ule ule ukihesabiwa kwa mita, mraba hauonekani, maana 5889 ni 3 mara 13 mara 151. Tena mwaka 1952 wapimaji wa Kiingereza walipata mita 5895, karibu futi 19,340. Zimezidi futi 19 tu, na mraba umevunjika: mibuni 19 imebaki nje ya mistari.

Hata 5895 ina tabia zake. Jumlisha tarakimu zake, 5 na 8 na 9 na 5, utapata 27. Kwa kuwa 27 yagawanyika kwa 9, basi 5895 nayo yagawanyika kwa 9. Na kwa kuwa yaishia kwa 5, yagawanyika kwa 5 pia. Ukiisha kuigawanya hivyo hubaki 131, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Walakini vyombo vya satelaiti vilitoa mita 5892 mwaka 1999, na 5891 mwaka 2008. Na hiyo 5891 ni 43 mara 137, haina 9 wala 5 ndani yake.

Basi nikamjibu mtoto: mlima haukukua; vipimo vya watu ndivyo vilivyobadilika. 139 mara 139 ilikuwa 19,321 kabla Meyer hajazaliwa, na itakuwa hivyo daima. Lakini kwamba hesabu fulani ndiyo ya mlima fulani, hilo halijulikani kwa kuzidisha wala kugawanya, ila kwa kupanda na kupima. Kwa hiyo, tuandikapo ubaoni urefu wa Kibo, na tuandike kando yake mwaka uliopimwa.