Samaki Asiye na Kichwa: Maji Baridi katika Soko la Deira

Deira haina mto. Khor inayoitenga na Bur Dubai ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na maji yake ni ya chumvi tangu mdomoni hadi mwisho wake. Wenyeji wa zamani walikunywa maji ya visima, na mengi kati ya hayo yalikuwa na ladha ya magadi. Kwa hiyo samaki yeyote wa maji baridi anayelazwa juu ya barafu katika soko la Deira ni mgeni, sawasawa na wengi wa wanaomnunua. Wapo rohu na katla wa Wahindi, yupo hilsa ambaye Mbengali hawezi kumsahau, wapo perege wa kufugwa kutoka nchi kadhaa. Na wapo minofu wa sangara, weupe, wasio na ngozi wala mwiba, waliotoka katika ziwa ambalo fukwe zake nyingi huzungumza Kiswahili.

Ujio wa minofu hiyo umegeuza mkondo wa biashara ya zamani sana. Kwa karne nyingi samaki alitoka kaskazini kwenda kusini. Majahazi yaliyoteremka na upepo wa kaskazi kutoka Ghuba, Omani na Hadhramaut yalibeba tende, chumvi, mazulia na samaki mkavu: papa aliyekatwa vipande na kukaushwa, na ng'onda wa kila namna. Yalipofika Lamu, Mombasa na Unguja yalishusha shehena hiyo, kisha yakaingia katika delta ya Rufiji au mikoko ya Lamu kupakia boriti, yakangoja kusi yarudi. Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika jahazi la Kikuwaiti katika msimu wa 1938–1939 hadi Rufiji, na kitabu alichokitoa mwaka 1940 ni miongoni mwa maelezo ya mwisho kamili ya safari hizo kabla ya injini kuzimeza. Wanahistoria wa ujenzi hupenda kukumbusha kwamba upana wa vyumba katika nyumba za kale za Ghuba ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko ya Afrika Mashariki. Wa mapishi nao wangeweza kukumbusha kwamba mchuzi wa papa, ambao Mswahili wa pwani huuhesabu kuwa wake kabisa, mara nyingi ulianza juu ya mchanga wa Uarabuni.

Ukaushaji huo una umri mkubwa. Wanamaji wa Nearchus waliopita pwani ya Makran mwaka 325 kabla ya Kristo walikuta watu waliokausha samaki na kumsaga unga, na Wayunani wakawapa jina la "wala-samaki", jina lenye dharau isiyofichika. Ibn Battuta, katika karne ya 14, aliona huko Dhofari wanyama wakilishwa dagaa. Na alipotua Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba chakula kikuu cha watu wake ni ndizi na samaki. Katika Imarati samaki wa chumvi, malih, bado yumo mezani: hupasuliwa, hushindiliwa chumvi, huwekwa chomboni na kusubiriwa. Elimu yote hii ina shabaha moja, kumtoa samaki maji kabla maji hayajamwozesha. Jua kali, hewa kavu na chumvi nyingi, vyote hivyo Ghuba ilikuwa navyo bila kuvinunua.

Ziwani mambo yalikuwa tofauti. Hewa ya Nyanza ina unyevu, mvua hainyeshi kwa ratiba, na chumvi ilikuwa bidhaa ya thamani iliyosafirishwa kutoka Uvinza au Katwe. Dagaa mdogo aliweza kuanikwa juu ya mawe na mchanga akakauka kwa siku moja ya jua zuri. Samaki mkubwa alihitaji moto. Ndiyo maana kubanika, si kutia chumvi, ndiko kulikokuwa ufundi wa maji baridi: samaki hutumbuliwa, husafishwa, hukunjwa mkia kuelekea mdomoni akiwa bado laini, kisha huwekwa juu ya kichanja chenye moshi. Methali ya kumkunja samaki angali mbichi, ambayo leo hutumiwa zaidi kwa malezi ya watoto, ni maelekezo ya kazi kwa yeyote aliyesimama mbele ya kichanja. Njia nyingine ilikuwa kutomuua kabisa. Kambale na kamongo huvuta hewa. Wakiwekwa penye unyevu huishi saa nyingi nje ya maji, na mchuuzi aliyejua hilo hakuhitaji moto wala chumvi.

Kisha akaja sangara. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 maofisa wa uvuvi wa kikoloni walimpandikiza katika Ziwa Viktoria kutoka maziwa mengine, wakati mmoja na sato, ambaye naye hakuwa mwenyeji. Kwa takriban miaka ishirini hakuonekana kuwa na madhara makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifurika. Furu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina, wakatoweka kwa kiasi ambacho wanabaiolojia hawajaacha kukiandikia. Ngege naye, kitoweo cha heshima cha mababu, akawa nadra. Mgeni huyo alipewa majina upesi: Waluo walimwita mbuta, Waganda mputa, na Tanzania ikamwita sangara, jina ambalo watu wa Ziwa Tanganyika walikuwa nalo tayari, kwa umbo la sangala, kwa jamaa zake wa huko. Jina lilivuka nchi kavu kutoka ziwa hadi ziwa kumfuata samaki ambaye hakupitia njia hiyo.

Kwa mpishi, tatizo la sangara lilikuwa mafuta. Hakauki juani, huchuruzika na kuchacha. Kumbanika kulihitaji kuni nyingi kuliko samaki yeyote aliyemtangulia, na miti ya visiwani na ufukweni ilikatwa kwa ajili yake. Samaki mkubwa kiasi hicho, mwenye mafuta kiasi hicho, anaweza kusafiri mbali kwa njia moja tu, nayo ni barafu. Na barafu ni mtaji. Hapo ndipo, kwa hoja ya makala haya, historia ya samaki wa ziwani ilipogeuka: siku ambayo uhifadhi uliacha kuwa ujuzi wa mama kwenye kichanja na kuwa mashine ya mtu mwingine. Viwanda vilijengwa Kisumu, Mwanza, Musoma, Jinja na Entebbe. Mitumbwi yenye barafu ikazunguka visiwani kukusanya. Na ndege za mizigo zikaanza kubeba minofu kwenda Ulaya, Israeli na Ghuba.

Minofu ni chini ya nusu ya uzito wa samaki. Kilichobaki, kichwa na mgongo, kiliteremka mlangoni kwa nyuma. Mwanza wakakiita mapanki, Kisumu wakakiita mgongo wazi, na wanawake wakakikaanga katika mafuta yake chenyewe na kukiuza kwa wale ambao bei ya samaki mzima ilikuwa imewapita. Mabondo yaliondoka kwa njia yake, kuelekea Hong Kong na China, na bei yake ikafika mahali ambapo mvuvi hukitazama kiungo hicho kimoja kabla ya kuutazama mwili wote. Umoja wa Ulaya ulipofunga milango kati ya 1997 na 1999, mara kwa salmonela, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa samaki waliovuliwa kwa sumu, viwanda vilijua ghafla maana ya kumtegemea mnunuzi mmoja, na masoko ya karibu zaidi, Ghuba ikiwamo, yakaonekana kwa jicho jipya. Filamu ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare* ya mwaka 2004, iliyapeleka mapanki katika majumba ya sinema duniani; Rais Kikwete aliishutumu hadharani mwaka 2006. Mjadala ule ulijikita katika silaha na fedheha ya taifa. Swali la jikoni lilipita bila kuulizwa: mtu anayekula mgongo, na mtu anayekula mnofu bila kuujua mgongo, wanakula samaki mmoja?

Deira ndipo swali hilo linapopata uso. Soko kongwe la samaki la mtaa huo, lililokuwa karibu na Khor, lilihamishwa mwaka 2017 kwenda jengo jipya la ufukweni, lenye viyoyozi. Mswahili wa pwani akiingia humo hapotei. Sheri ni changu wake, safi ni tasi, kan'ad ni nguru, hamur ni chewa. Majina yamebadilika, samaki hawakubadilika. Bahari ni moja. Wazanzibari waliohamia Ghuba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walipoteza mengi, lakini samaki wao hawakuwapoteza. Mtu wa Ukerewe, wa Homa Bay au wa Kigoma hana bahati hiyo. Kwake meza zile ndefu ni kamusi ya lugha nyingine, na neno pekee analolitambua limeandikwa kwenye boksi la barafu, kwa Kiingereza, nalo halina kichwa.

Kuna pia utengano wa kazi. Katika soko la Deira aliyeuza samaki hasafishi. Mnunuzi hubeba samaki wake hadi ukumbi wa pembeni, ambako mafundi, wengi wao kutoka Asia ya Kusini, hupara magamba, hutumbua na kukata kwa malipo ya kilo. Ni kazi ya haraka na safi ya ajabu. Shombo lote hubaki pale. Anayerudi nyumbani hurudi na nyama. Jambo hili ni starehe, na hakuna sababu ya kulionea haya. Lakini kupara samaki ndiko kunakomfundisha mtu kumsoma: wekundu wa mashavu, ung'avu wa jicho, ugumu wa mwili unaorudi ukibonyezwa, nyongo inayopaswa kutolewa bila kupasuka. Kizazi kinachozaliwa katika magorofa ya Naif na Al Baraha kinaweza kujua bei ya samaki pasipo kujua nyongo iko wapi.

Sheria ya dini nayo hutegemea kisu. Kwa Mashafii, walio wengi pwani ya Afrika Mashariki, samaki wa maji yoyote ni halali bila kuchinjwa, na hadithi inaishia hapo. Kwa Mashia Ithnaasheri, wawe Wairani ambao wafanyabiashara wao wameifahamu Deira kwa vizazi au Makhoja wa Dar es Salaam na Mombasa, samaki sharti awe na magamba, kambale hapiti. Sangara anayo. Ila mnofu uliochunwa hauwezi kutoa ushahidi wa nafsi yake, na mlaji anabaki kuamini karatasi. Wayahudi washika dini wanalijua tatizo hilo vizuri, ndiyo maana hudai kipande cha ngozi kiachwe juu ya nyama.

Watu wa pwani, hata wakiwa ughaibuni, husema kwamba samaki wa ziwani ananuka tope. Si chuki tupu. Katika maji baridi, hasa ya mabwawa, vijidudu fulani huzalisha kemikali iitwayo jeosimini, ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno, na ambayo asidi huivunja. Ndimu, siki au ukwaju, ambavyo mpishi wa ziwani humpaka samaki kabla hajamweka motoni, vilikuwa jibu sahihi kabla ya swali kuandikwa maabara. Kinachochekesha ni kwamba mnofu ulioshinda barafu kwa wiki mara nyingi haunuki tope wala chochote, na bado husifiwa.

Pengo lililobaki ni la kichwa. Katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa kichwa ni cha baba au cha mgeni, na kukiweka sahani ya nani ni tamko ambalo kila aliyekaa mkekani hulielewa. Mnofu haugawi heshima. Vipande vyake ni sawa. Perege mzima wa kufugwa, aliyegandishwa, hujaribu kuliziba pengo hilo huko Deira, na mara nyingine ametoka China, nchi ambayo perege wake wamefika hata masoko ya Kisumu na Nairobi na kuzua ugomvi mkali Kenya mwaka 2018. Mvuvi wa Nyanza alijikuta akishindana na samaki wa asili ya Afrika aliyerudi kutoka Asia ndani ya boksi.

Ila biashara ya mkono haijafa. Tangu milango ya uagizaji ilipofunguliwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, wafanyabiashara wa Kariakoo wamekuwa wakipanda na kushuka Deira, wakilala hoteli za Naif na kuzunguka ule uwanja wa Baniyas ambao wengi bado huuita Nasser. Wanaporudi mizigo yao ni vitambaa, simu na vipuri. Wanapokwenda, mabegi huwa mepesi, na aliye na ndugu huko huombwa dagaa. Dagaa wa Mwanza au wa Kigoma, mkavu, mzima, ana kichwa na macho yake. Hahitaji barafu, hahitaji kiwanda, na hufungwa mara tatu katika mifuko ya nailoni ili harufu isifike kwenye nguo. Katika jiko la Deira huchambuliwa kwanza, vichwa vikitolewa kimoja kimoja kwa mkono, na hapo watoto huitwa kusaidia.