Riverside: fleti ya leo kwenye ramani ya 1869

Dalali anayeuza fleti iliyokarabatiwa Riverside, Illinois, huanza na vya ndani: jiko jipya lenye kaunta ya mawe, sakafu ya mbao iliyopigwa msasa ikang'aa, bafu la vigae vyeupe, madirisha yanayozuia baridi ya Januari. Mwishoni huongeza kwamba stesheni iko karibu, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Jiko kama hilo linapatikana popote ndani ya Chicago. Kinachomvuta mtu mpaka Riverside ni stesheni hiyo pamoja na yaliyo nje ya mlango: mto, miti mikubwa, viwanja vya nyasi na barabara zinazopinda. Hivyo vyote ni mali ya wote, na vilipangwa viwe hivyo kabla nyumba nyingi hazijajengwa.

Chicago ya miaka ya 1860 ilikuwa jiji la tope, moshi na machinjio. Mwaka 1864 kampuni ya reli ya Chicago, Burlington and Quincy ilifungua njia yake kutoka Aurora hadi Chicago. Njia hiyo ilivuka mto Des Plaines kilomita 15 hivi magharibi mwa katikati ya jiji. Wenye mitaji wakiongozwa na Emery Childs wakanusa faida. Wakajipatia ekari 1,600 kando ya mto, wakaunda Riverside Improvement Company, na mwaka 1868 wakamwita Frederick Law Olmsted, ambaye pamoja na mshirika wake Calvert Vaux alikuwa amebuni Central Park ya New York.

Olmsted hakuvutiwa sana na tambarare za Chicago, ila mto na miti yake vilimpendeza. Katika ripoti yake ya Septemba 1868 alisema kitongoji kisichokuwa na barabara nzuri hakina maana: tope lingewafungia wake na watoto ndani huku waume wako kazini mjini. Kwa hiyo kazi ilianzia chini, kwenye mifereji, mabomba ya maji na gesi, na barabara zilizoshindiliwa kokoto.

Ramani iliyotoka mwaka 1869 ilikwenda kinyume na mitaa ya Chicago, iliyonyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Riverside barabara zilifuata mapindi ya mto. Kwa Olmsted, barabara iliyonyooka ilimharakisha mtu, na iliyopinda ilimtuliza. Zilichimbwa chini kidogo kuliko usawa wa nyasi, ili mwenye kukaa barazani aone majani badala ya vumbi. Nyumba zilitakiwa kusimama futi 30 kutoka barabarani, na mbele ya kila moja pawe na mti. Barabara zilipokutana, pembe tatu zilizobaki hazikuuzwa kama viwanja. Ziliachwa ziwe bustani ndogo za umma.

Kampuni ilikuwa na maono makubwa kuliko mfuko wake. Sehemu ya malipo ya Olmsted na Vaux ilikuwa viwanja, yaani ahadi ya faida itakayokuja. Ugomvi uliozuka unaeleza mengi: Childs alitaka kujijengea nyumba kwenye Long Common, uwanja mrefu wa nyasi uliotengwa kwa ajili ya watu wote. Olmsted alikataa. Ukichanganya na mashaka ya fedha, ushirikiano ukavunjika mwaka 1870. Oktoba 1871 Chicago ikaungua. Watu wapatao 100,000 wakakosa makazi, na mitaji pamoja na mafundi vikakimbilia kulijenga upya jiji. Mdororo wa 1873 ukaimaliza kampuni. Waliokwisha kuhamia hawakuondoka. Mwaka 1875 waliunda serikali yao ya kijiji, wakabaki na ramani.

Aliyeendeleza kazi baada ya Olmsted alikuwa William Le Baron Jenney, mhandisi aliyeishi hukohuko Riverside. Mnara wa maji alioubuni bado unaonekana kutoka stesheni, ingawa sehemu yake ya juu iliteketea mwaka 1913 na kujengwa upya. Jenney huyohuyo ndiye aliyebuni Home Insurance Building katikati ya Chicago, jengo la ghorofa 10 lililokamilika mwaka 1885 na ambalo wengi hulitaja kuwa ghorofa refu la kwanza lenye mifupa ya chuma. Majengo ya aina hiyo yakajaza maofisa na makarani katikati ya jiji, na jioni treni zikawarudisha vitongojini.

Riverside ikawa mji wa wenye nauli. Stesheni ya sasa ilijengwa mwaka 1901, na miaka michache baadaye Avery Coonley na mkewe Queene, waliokuwa na utajiri wa kurithi, walimwajiri Frank Lloyd Wright awajengee makazi kando ya mto. Wright aliwabunia mpaka mazulia, na mwaka 1912 akaongeza nyumba ndogo ya shule ya watoto. Vioo vyake vya rangi, vyenye mapulizo na bendera, sasa vingine viko Metropolitan Museum huko New York.

Lakini si kila mwenye nauli aliruhusiwa kushuka popote. Cicero iko vituo vichache tu kabla ya Riverside kwa anayetoka mjini. Julai 1951, Harvey Clark, Mmarekani mweusi aliyepigana katika Vita vya Pili vya Dunia, alipanga fleti huko kwa ajili ya mkewe na watoto wake wawili. Kundi la wazungu lililofikia maelfu lilivamia jengo, likatupa samani dirishani na kuzichoma, hadi gavana Adlai Stevenson akatuma wanajeshi. Familia hiyo haikulala humo hata usiku mmoja. Sheria ya shirikisho ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ilipitishwa mwaka 1968.

Wakati huo namna ya kumiliki fleti nayo ilikuwa inabadilika. Zamani Mmarekani aliyetaka kuishi ghorofani alipanga, au alinunua hisa katika ushirika uliomiliki jengo zima. Kumiliki vyumba vilivyo ghorofa ya tatu, kwa hati ya jina lako, kulihitaji sheria mpya. Puerto Rico ilitunga yake mwaka 1958. Mwaka 1961 Bunge la Marekani likaruhusu serikali idhamini mikopo ya fleti za aina hiyo. Illinois ikafuata mwaka 1963. Miaka ya 1970 wenye majengo ya kupangisha Chicago na vitongojini walianza kuyakata vipandevipande na kuyauza. Hata makazi ya Coonley yalikuwa yamekwisha kugawanywa, nyumba kubwa ikawa makao mawili.

Utaratibu huo Waswahili wanaufahamu. Tanzania ilitunga sheria ya hati za sehemu za majengo mwaka 2008, na Kenya iliiandika upya ya kwake mwaka 2020. Kila mahali mgawanyo ni uleule: vyumba ni vyako, paa, ngazi, kuta za nje na ardhi ni vya wote kwa mafungu. Olmsted alipanga hivyohivyo kwa mji mzima, nyumba ikiwa ya mtu na nyasi za Long Common zikiwa za umma.

Mnunuzi anayejua anachofanya, basi, hapigi hodi jikoni tu. Huomba kumbukumbu za vikao vya wamiliki, huuliza akiba iliyowekwa kwa ajili ya paa na mfumo wa kupasha joto, na hujua ni nini kinachoruhusiwa kubadilishwa nje ya jengo katika mji uliotangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1970. Kila mwezi atalipa ada ya wamiliki kwa ajili ya ngazi na paa. Mara mbili kwa mwaka Cook County itamletea ankara ya kodi ya majengo, na sehemu ya kodi hiyo huenda kwa kijiji, ambacho bado kinatunza bustani zile na taa za barabarani zinazowaka kwa gesi.