Mwaka wa Toba

Kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Tanga na Pangani, mtu aliyetiwa hatiani mbele ya kadhi hakuwekewa jalada la serikali. Aliandikwa vifuani mwa jirani zake, na maandishi hayo yalikuwa na muda wake. Makadhi wa pwani yetu walifuata madhehebu ya Imamu Shafii, na Minhaji ya Imamu Nawawi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1277, iliyokuwa tegemeo lao kubwa, yaeleza kwamba fasiki akitubu hairejei shahada yake siku ile ile, bali hutazamwa mpaka idhihirike kuwa toba yake ni ya kweli, na wanazuoni walio wengi wameukadiria muda huo kuwa mwaka mmoja. Wafasiri wakatoa sababu, nami sijaona katika sheria yoyote sababu iliyo nzuri zaidi: mwaka hukusanya majira manne, na kila majira huamsha matamanio yake katika nafsi. Kwa mvuvi wa Pangani maana yake ni kwamba kaskazi imempitia, na masika, na kusi, na vuli, katika shibe na katika njaa, asirudie.

Basi aletwapo mtu kama huyo kushuhudia katika daawa ya minazi, na hasimu akapaza sauti kumkumbusha wizi wake wa zamani, njia ya kadhi ilikuwa kuwauliza waadilifu waliokaa naye mtaa mmoja. Wakisema ametubu na mwaka umetimia, husikilizwa kama wengine. Sisemi kwamba masengenyo yalikoma barazani. Yalikoma mbele ya kadhi, na hilo lilimtosha mtu kuanza upya.

Dola mpya ilikuja na msamaha wa namna nyingine. Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wadachi, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana vita vile vile, alipojisalimisha mwaka 1890, Wissmann, kamanda wa Wadachi, alimsamehe: mmoja kitanzi, mmoja amani, kwa hiari ya mtawala. Kisha ukaja mkonge, ambao Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kidachi, aliuleta mwaka 1893 na miche 62 tu ikanusurika; na zama za Waingereza, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ikamhesabu manamba, yaani kibarua wa mkataba, aliyetoroka shamba la mkonge kuwa mkosaji wa jinai, mtu ambaye hakuiba wala hakumwaga damu.

Mahakama za makadhi na maliwali ziliondolewa kwa sheria ya mwaka 1963, na kipimo kile cha mwaka kikaondoka nazo. Uingereza ilijitungia mwaka 1974 sheria ya kuyafuta makosa ya zamani baada ya muda maalumu, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kujitawala, haikutufikia. Kwetu upo msamaha wa Rais, wa ibara ya 45 ya Katiba, nao ni fadhila, si haki ya kudaiwa kwa kuhesabu miaka. Na Katiba hiyo hiyo yajua kuhesabu: ibara ya 67 humzuia kuwania ubunge mtu aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu katika miaka 5 iliyotangulia uchaguzi, kisha humwachia. Ikiwa mtaka ubunge amewekewa mpaka, nataka na mlinzi wa ghala awekewe.

Kijana aliyewahi kutiwa hatiani, atakaye cheti cha polisi ili apate kazi melini hushikwa kidole, kikapakwa wino, kikaviringishwa juu ya karatasi toka ukingo wa ukucha hata ukingo wa pili, vidole vyote kumi. Naye huondoka akifuta wino kwa kitambaa, asiulizwe kusi ngapi zimevuma tangu siku ya kosa lake.