Gari la Kijani na Mgomo Usioandikwa Ubavuni Mwake

Uingereza wako watu, wengi wao wastaafu, wanaotumia akiba zao kununua magari ya zimamoto yaliyokwisha kuondolewa kazini. Huyaegesha katika mabanda ya mashamba, huyafungua nati moja baada ya nyingine, huyapiga msasa na kuyapaka rangi upya, na ifikapo kiangazi huyaendesha taratibu hadi kwenye viwanja vya maonyesho, ambako watoto hugombea kupiga kengele. Marekani nako wapenzi wa magari haya waliunda chama chao huko Syracuse, New York, mwaka 1958. Ninapowasimulia wanafunzi wangu habari hizi, hucheka. Huuliza mtu mwenye akili timamu anataka nini na lori la tani kadhaa lisiloweza hata kumfikisha sokoni.

Mimi swali hilo nalichukulia kwa uzito. Gari la umma ni waraka wa serikali, sawa na jalada lolote lililomo katika masjala. Kuna aliyeliagiza, kuna aliyelilipia, kuna hofu iliyosababisha liundwe, na kuna siku lilipotolewa nje kwa kazi ambayo pengine si ile iliyoandikwa katika maombi ya fedha. Anayelikarabati analazimika kuamua alirejeshe katika mwaka upi wa maisha yake. Uamuzi huo ni wa mwanahistoria, hata kama mwamuzi ameshika spana badala ya kalamu.

Nichukue gari moja tu, ambalo nililiona mara kadhaa katika maonyesho hayo nilipokuwa masomoni Uingereza. Kiwandani lilikuwa lori la Bedford. Mitaani Waingereza waliliita Green Goddess, yaani mungu wa kike wa kijani, kwa sababu halikupakwa rangi nyekundu ya zimamoto bali kijani kizito kinachokaribia cha jeshi. Mbele ya kila gari palisimamishwa kibao cha maelezo, na kila kibao nilichokisoma kilieleza kwa fahari kwamba gari hili liliundwa kwa ajili ya vita vya nyuklia. Hakuna hata kimoja kilichotaja neno mgomo. Ajabu ni kwamba Mwingereza yeyote mwenye umri wa kukumbuka mwaka 1977 analijua gari hili kwa sababu ya mgomo.

Chanzo chake ni moto wa vita. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Ujerumani ziliidondoshea London mabomu ya moto kwa wingi. Mabomba makuu ya maji yalipasuka, na mto Thames ulikuwa umekupwa, hivyo wazimamoto wakawa na pampu na mipira lakini hawana maji ya kutosha. Sehemu kubwa ya moyo wa kale wa jiji iliteketea. Mwaka uliofuata serikali iliviunganisha vikosi vya halmashauri zaidi ya elfu moja kuwa jeshi moja la taifa la zimamoto, na vita vilipokwisha, mwaka 1948, ikavirudisha kwa mamlaka za mitaa. Funzo la maji, hata hivyo, halikusahauliwa. Wasovieti walipofaulu kulipua bomu lao la atomiki mwaka 1949, wapangaji wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza walipiga picha ya miji inayowaka yote kwa mpigo, mabomba yamekatika, na vituo vya zimamoto vimefukiwa pamoja na waliomo.

Jibu lao lilikuwa msafara. Kuanzia mwaka 1953 yaliundwa magari ya pampu kwa ajili ya Huduma Saidizi ya Zimamoto, iliyokuwa na watu wa kujitolea waliofundishwa jioni na mwisho wa wiki. Magari hayo yangekaa nje ya miji, na baada ya bomu yangeingia kwa safu, moja likisukuma maji kwa jingine kutoka mtoni au ziwani kwa maili kadhaa. Ndiyo maana pampu yake ilikuwa kubwa kupita kiasi: iliweza kusukuma zaidi ya lita 4,000 kwa dakika. Injini ilikuwa ya petroli yenye silinda sita, na toleo lililoenea zaidi lilivuta kwa magurudumu yote manne ili lipite juu ya vifusi. Ngazi na tangi la maji vilikuwapo, lakini hakuna aliyeliunda kwa ajili ya kukimbilia jikoni mwa mtu ambako mafuta yameshika moto. Tofauti hiyo ikumbukwe, maana ndiyo kiini cha yote yaliyofuata.

Bomu halikuja. Mwaka 1968, pauni ikiwa imeshushwa thamani miezi michache kabla na hazina ikiwa taabani, serikali ya Harold Wilson iliivunja Huduma Saidizi na kuwaambia watu wake wa kujitolea warudi nyumbani. Magari hayakuvunjwa. Yalifungiwa katika maghala ya serikali, yakiwashwa na kukaguliwa mara kwa mara, na mengine yakitolewa kusukuma maji nyakati za mafuriko au ukame. Waliokuwa na uwezo wa kuyaendesha kwa hiari waliondolewa, lakini chombo kikabaki mikononi mwa serikali kuu. Sidhani kwamba mtu yeyote mwaka 1968 alikusudia matokeo yake. Mara nyingi dola hujikuta na nyenzo kwanza, na matumizi hufuata.

Matumizi yalifuata tarehe 14 Novemba 1977. Siku hiyo chama cha wazimamoto wa Uingereza kiliingia katika mgomo wake wa kwanza wa nchi nzima, kikidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 30. Bei za bidhaa zilikuwa zimepaa kwa miaka kadhaa, na serikali ya chama cha Labour chini ya James Callaghan ilikuwa imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa wafanyakazi. Serikali ya chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi ilikataa kulegeza, ikafungua maghala, ikatoa magari ya kijani na kuyakabidhi kwa wanajeshi. Nguvu ya kisheria ilikuwepo tayari: Sheria ya Mamlaka ya Dharura ya mwaka 1964 ilikuwa imeifanya ya kudumu kanuni ya wakati wa vita iliyoruhusu majeshi kupewa kazi za dharura zenye umuhimu kwa taifa.

Vijana wa miaka kumi na tisa, waliopewa mafunzo ya siku chache, walijikuta wakiendesha malori yenye umri mkubwa kuliko wao. Usukani haukuwa na msaada wowote wa haidroliki, breki zilihitaji mguu wa mtu mwenye nguvu, na mwendo ulikuwa wa kujikokota. Kwa kuwa hawakuzijua barabara za miji waliyopelekwa, polisi waliwatangulia kuwaonyesha njia. Nje ya vituo, wazimamoto wenyewe walisimama wakiota moto kwenye mapipa yaliyotobolewa, katika baridi ya Novemba na Desemba, na wapita njia wengi waliwatupia sarafu kwenye ndoo. Mgomo ulidumu wiki tisa. Walirudi kazini Januari 1978 na asilimia 10 ile ile, lakini pia na kitu ambacho nakiona kikubwa zaidi ya hiyo nyongeza: kanuni ya kuufungamanisha mshahara wao na mapato ya tabaka la juu la wafanyakazi wa kazi za mikono, pamoja na juma la kazi la saa 42. Kanuni hiyo ilituliza ugomvi wa mishahara kitaifa kwa karibu robo karne.

Ilipokwisha kutosheleza, historia ilijirudia karibu tarehe ile ile. Tarehe 13 Novemba 2002 wazimamoto waligoma tena, safari hii wakidai asilimia 40 ili mshahara ufikie pauni 30,000 kwa mwaka. Waziri Mkuu alikuwa Tony Blair, wa Labour pia. Takriban wanajeshi 19,000 na zaidi ya magari 800 ya kijani yaliingizwa kazini, wakati ule ule ambapo majeshi yalikuwa yakiandaliwa kwa vita vya Iraq, kiasi kwamba mkuu wa majeshi alilalamika hadharani. Magari sasa yalikuwa na umri wa karibu miaka 50. Uzee wao uligeuka hoja ya kisiasa: wagomaji waliwaambia wananchi watazame serikali inavyohatarisha maisha yao kwa vyuma vya makumbusho, na wengi wakauliza kwa nini wanajeshi wasipewe magari mekundu ya kisasa yaliyoegeshwa vituoni bila kazi.

Serikali ilijifunza kutokana na swali hilo. Mgomo ulimalizika Juni 2003 kwa asilimia 16 iliyogawanywa katika miaka mitatu na kufungamanishwa na mageuzi ya kazi. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilipitisha sheria iliyompa waziri mamlaka ya kuamuru masharti ya kazi ya wazimamoto na kutoa maelekezo juu ya matumizi ya vifaa vyao. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba magari ya kijani yatauzwa. Msomaji apange matukio haya kwa mfuatano wake. Gari halikustaafishwa kwa kuwa limechoka, kwani lilikwisha kuchoka zamani. Lilistaafishwa baada ya dola kujipatia njia ya kisheria ya kuyashika yale mekundu.

Hapo ndipo wakusanyaji walipoingia. Kwa fundi wa vitu vya kale, gari hili lilikuwa neema: maili zake chache kwa sababu ya kukaa ghalani, injini yake karibu mpya. Maradhi yake ni ya chombo kilichokaa bure, yaani tairi zilizopasuka kwa umri, mipira ya breki iliyokakamaa, sili za pampu zilizokauka, kabureta lililoziba, kutu iliyojificha chini ya rangi nzuri. Asipokuwa mwangalifu, mkarabati hutumia miezi kwenye bodi kisha pampu ikakataa kuvuta maji. Na gari la zimamoto lisilovuta maji, wenyewe husema, ni basi lenye ngazi.

Wengi wa wakusanyaji hawa ni wazimamoto wa zamani, na kati yao kuna mgawanyiko ambao mgeni hauoni mara moja. Mzee mmoja niliyezungumza naye alikuwa amekarabati Dennis ya miaka ya 1950 yenye injini ya Rolls-Royce, nyekundu, inayong'aa hata chini ya matope. Alisimama kwenye pipa la moto mwaka 1977 akiwa na watoto wawili wadogo nyumbani. Nilimuuliza kama angenunua gari la kijani, maana bei yake wakati ule ilikuwa nafuu. Alisema halichukii, wala hawachukii wanajeshi waliolipanda, kwa kuwa nao walikuwa wakilipwa vibaya kuliko yeye. Kinachomkera ni kile kibao. Wenye magari hayo, alisema, wamechagua vita ambavyo havikutokea na wakaacha vile vilivyotokea.

Nakubaliana naye, ingawa nawaelewa pia wale wenye vibao. Habari za nyuklia hazimuudhi mtu uwanjani siku ya Jumapili. Habari za mgomo zingemlazimisha kila msomaji aseme alikuwa upande gani.

Si magari yote yaliyoishia kwenye maonyesho. Sehemu yake ilinunuliwa na kampuni ya Uingereza iliyoyauza tena katika nchi zinazoendelea, hasa za Afrika. Chombo ambacho Kent ni burudani ya mstaafu kilihesabika huku kwetu kuwa msaada wa kazi, na hakuna aliyeandika kibao. Kwa upande wa Tanzania, jambo ambalo gari lile lilikusudiwa kulitatua limeshughulikiwa kwa karatasi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwaka ule ule wa mauzo, inaorodhesha kuzima moto miongoni mwa huduma muhimu ambazo mgomo umezuiwa. Lugha yetu nayo imekwisha kutoa hukumu. Mzimamoto wa Uingereza ni mfanyakazi mwenye chama. Wa kwetu ni askari wa zimamoto, na chombo chake kinaitwa jeshi.

Magari yetu ya zamani ya zimamoto yapo pia, nyuma ya karakana za halmashauri na pembezoni mwa viwanja vya ndege, yakisubiri mnada wa chuma chakavu. Siwaombi watumishi wa umma wanaonisoma wayakarabati, maana bajeti naijua. Naomba kitu kidogo: kabla ya mnada, daftari la safari za gari litolewe chini ya kiti na kupelekwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka. Humo zimo tarehe, majina ya madereva, mitaa iliyoungua, na siku ambazo gari lilitoka likapelekwa kwenye kazi isiyokuwa ya moto.