Kitufe kilichonigomea

Mniwie radhi kwa ukimya, zamu za usiku zimenibana. Juzi mdogo wangu kanipigia simu karibu kulia: fomu ya chuo imegoma kwenda. Nikakumbuka yaliyonikuta mwaka 2016, nilipokuwa bado mgeni huku Uingereza.

Nilikuwa naomba kazi ya uuguzi kwenye mtandao, mwisho saa sita usiku. Nimejaza kurasa nne kwa Firefox, nabonyeza kitufe cha kutuma, kimya. Narudia, kimya. Nikadhani ni ushamba wangu. Nikampigia shemeji, fundi wa kompyuta. “Shemeji, jaribu Internet Explorer.” Nikajaza upya, mikono inatetemeka. Ikaenda zikiwa zimebaki dakika 12.

Kumbe kisa chake kilianza zamani. Mwaka 1995 Brendan Eich wa Netscape alitunga JavaScript kwa siku 10. Agosti 1996 Microsoft ikaja na Internet Explorer 3, na lugha yake ya kuiga, JScript. Mwaka 1997 lugha ikawekewa kanuni moja, lakini mambo ya vitufe na kurasa hayakuwemo. Ukibonyeza kitufe, Netscape iliikabidhi programu taarifa mkononi. Internet Explorer iliibandika ukutani, programu ikasome yenyewe. Manesi wenzangu mnajua: mmoja akiandika ubaoni na mwingine akisubiri kuambiwa kwa mdomo, mgonjwa anakosa dawa.

Novemba 2000 W3C, wanaopanga kanuni za mtandao, walipitisha njia ya mkononi. Lakini miaka ile karibu kila mtu alitumia Internet Explorer, na mafundi wengi waliandika kwa ajili yake tu. Fomu yangu ilikuwa ya ukoo huo. Ilitafuta ukuta, Firefox haikuwa nao, ikakwama kabla ya kutuma. Dawa ni mstari mmoja tu: pokea ulichokabidhiwa, kama hakuna tazama ukutani.

Internet Explorer 9 ilifuata kanuni mwaka 2011. Firefox nayo, baadaye, ikaweka ukuta kwa ajili ya kurasa za zamani. Juni 2022 Internet Explorer ikastaafishwa.

Kazi niliipata jamani. Kwa hiyo mdogo wangu, nakili majibu yako pembeni kwanza, kisha jaribu kivinjari kingine. Wala usijilaumu, mara nyingine kosa ni la aliyetengeneza fomu.

Tuko pamoja. Msalimieni mama.