Keremkerem na Ua wa Nakuru

Ukiwa Nakuru mwisho wa Machi au mwezi wa Aprili, msomaji, simama asubuhi mahali palipo wazi, utege sikio juu. Utasikia milio laini kabla hujaona kitu. Kisha kundi la ndege litapita likielekea kaskazini. Hao ni keremkerem wa Ulaya. Utosi na mgongo wao ni hudhurungi, koo ni manjano, kifua ni buluu iliyochanganyika na kijani. Uzito wa mmoja haupiti gramu 80, walakini kila mwaka hutoka Ulaya na Asia ya magharibi, huvuka Sahara, na hurudi.

Kosa lao ni la kale: hula nyuki. Aristotle, Mgiriki aliyefariki mwaka 322 K.K., aliandika kwamba wafuga nyuki huondoa viota vya ndege hawa. Tusiwacheke. Mtu aliyetundika mizinga yake kando ya msitu wa Mau atafurahije amwonapo keremkerem akimnasa nyuki angani, akatua naye mtini, akampigapiga na kumsugua tawini hata sumu ya mwiba itoke, ndipo ammeze? Kweli, hula pia nyigu, adui wa nyuki, na kereng'ende, na nzige. Lakini mwenye mzinga huhesabu nyuki wake tu.

Mwaka 1961 sehemu ya kusini ya Ziwa Nakuru ilitengwa kuwa hifadhi ya ndege, na mwaka 1968 ikatangazwa Mbuga ya Taifa. Mwaka 2011 ziwa hilo, pamoja na Bogoria na Elmenteita, likatiwa katika Urithi wa Dunia. Hayo, tukisema kweli, sifa yake kubwa ni heroe. Keremkerem alinufaika kama mpita njia aliyekuta karamu ya wenyewe. Tena ua wa mbuga haumhusu. Alfajiri yumo ndani, adhuhuri yu juu ya mashamba ya ngano ya Njoro, na mdudu aliyenyunyiziwa dawa hana alama.

Kwa hiyo yaliyomfaa zaidi yalitendeka mbali na ziwa. Mwaka 1986 Kenya ilikataza matumizi ya DDT katika kilimo. Mwaka 1999 ikajiunga na mkataba wa wanyama wahamao, uliotiwa sahihi Bonn mwaka 1979, ambao keremkerem huyu ametajwa ndani yake.

Mwanachuo wangu mmoja, ambaye baba yake ana mizinga, aliniuliza kama mkataba huo humlipa mfuga nyuki. Nilimjibu kwamba haumlipi. Akaandika hivyo katika daftari lake.